Goti la Yamna si Goti la Itto

Kwa miaka thelathini na miwili Yamna alikuwa amewapigia magoti karibu wanawake wote wa mtaa wa nyuma ya soko la mitumba mjini Meknes, na hakuwa akimwogopa hata mmoja wao. Ndivyo ilivyo kazi ya msuguaji wa hamamu, lile bafu la mvuke la mtaa. Mteja anajinyoosha kwenye sakafu ya marumaru yenye moto, msuguaji anapiga magoti ubavuni pake, anavaa glavu yake ya kukwaruza, kisha anaanza kumtoa nongo kutoka shingoni kwenda chini. Yamna aliujua mgongo wa mke wa hakimu. Aliyajua makalio ya mwalimu mkuu wa shule ya wasichana kuliko alivyoyajua mwalimu mkuu mwenyewe. Alijua nani ana mshono wa upasuaji tumboni na huko mitaani anatamba kwamba alizaa kwa nguvu zake. Mtu ukishamwona anatoka nongo nyeusi kama tambi, hakutishi tena akikupita barabarani na mkoba wa ngozi.

Basi mwezi wa sita, msimu wa harusi, maharusi wamepanga foleni hadi mlangoni, goti lake la kulia likaanza visa. Lilivimba kwa mbele, juu kabisa ya pia ya goti, ule mfupa wa mviringo unaocheza ukiusukuma kwa kidole. Uvimbe wenyewe ulikuwa laini, unabonyea kama yai lililochemshwa nusu. Akitembea, haliumi sana. Akipiga goti, anaona vimulimuli.

Mumewe Abdeslam, mkata tiketi za treni mstaafu aliyehamishia maisha yake kwenye meza ya karata mkahawani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuutambua ugonjwa, tena bila kuinua macho kwenye bakuli la supu.

"Baridi hiyo."

"Baridi imeniingilia wapi, we mwanaume? Mwezi wa sita huu! Nashinda ndani ya tanuri!"

"Ndiyo maana. Unatoka na joto, baridi inakuvizia mlangoni. Mama yangu ilimuua hivyohivyo."

"Mama yako kafa na miaka tisini na nne."

"Akiwa na baridi yake mwilini," alisema Abdeslam, akamega mkate.

Kesho yake Yamna akaenda duka la dawa. Muuzaji akamsikiliza huku akibandika bei kwenye maboksi ya shampuu, akamwambia ni baridi yabisi. Yamna akarudi nyumbani kanuna, maana hiyo nayo ni baridi tu, ila ya kusomea. Alipewa dawa ya kuchua yenye harufu kali ya kafuri, na ndani ya mvuke wa hamamu harufu ile ikapanda hadi wateja wawili wakahama upande wake, wakaenda kwa Itto.

Itto ndiye aliyekuwa msuguaji wa pili. Alitoka milimani, upande wa Azrou, mwembamba, mwenye mikono kama kamba za kisimani, mdogo kwa Yamna kwa miaka kumi. Wanawake hawa wawili walikuwa wamegombania mahali pa karibu na bomba la maji ya moto kwa miaka kumi na mmoja mfululizo, na hawajawahi kuombana radhi hata siku ya Idi.

"Uzee huo, dada," Itto alimwambia, akimmwagia mteja mpya ndoo ya maji. "Mimi ningekuwa wewe ningeshakaa mlangoni nauza sabuni."

"Wewe ungekuwa mimi ungekuwa na wateja."

Mzee mmoja anayenyoosha mifupa karibu na lango la mji akalitazama goti, akatangaza kwamba pia yake imehama.

"Imehamia wapi?" Yamna akauliza.

"Kushoto. Shika kiti."

Akaukamata mguu, akauvuta kama anayeng'oa mhogo. Kukasikika mlio, ka! "Umesikia? Imerudi mahali pake." Yamna alipotazama chini akaona ni mguu wa kiti ndio uliovunjika. Goti lilikuwa vilevile, ila sasa na nyonga nayo inauma.

Mwisho akaenda kwa daktari, kwenye kliniki moja yenye zulia na samaki wa mapambo. Daktari alikuwa anaandika wakati Yamna anaingia, akaendelea kuandika wakati Yamna anaeleza.

"Umri?"

"Hamsini na minne."

"Kilo?"

"Tisini, na nguo."

"Gegedu limelika. Punguza uzito, usipande ngazi. Nitakuandikia vidonge."

"Daktari, mimi goti nimekuja nalo," Yamna alisema. "Sikuliacha nyumbani. Ukitaka kulitazama, liko hapa chini ya meza."

Daktari akachungulia juu ya meza kwa adabu, kama mtu anayesalimiwa na mtoto wa jirani, akarudi kwenye karatasi yake.

Hivyo Yamna akawa na goti moja na majina manne ya ugonjwa, achilia mbali lile la Itto, na maharusi kumi na wawili wanaomngoja. Alisugua akiegemea goti la kushoto, akisaga meno.

Mmoja wa maharusi hao aliitwa Nuhaila, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa juu. Alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia kule mji mpya. Siku tatu kabla ya harusi alikuwa amelala kifudifudi mbele ya Yamna, povu la sabuni nyeusi hadi visiginoni, mara akageuza shingo.

"Shangazi, una nini? Unanisugua kwa kuchechemea."

"Goti. We lala."

"Goti gani? Linauma wapi?"

"Goti zima, mwanangu. Na roho nayo."

Nuhaila akainuka akaketi, hana kitu mwilini ila chupi na povu. "Nionyeshe kwa kidole kimoja. Kimoja tu."

Yamna akaweka kidole katikati ya ule uvimbe. Nuhaila akamkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaanza kulibonyezabonyeza goti, pembeni ya pia, juu yake, chini yake pale penye kano nene, akalikunja na kulinyoosha. Kila akibonyeza anauliza. Ukishuka ngazi linauma? Hapana. Ukikaa muda mrefu halafu ukasimama? Hapana. Linakwama? Halikwami. Ulianguka? Nani, mimi? Unapata homa? Sina. Wanawake wakaanza kusogea na vibakuli vyao vya maji mikononi, wengine nywele zimejaa udongo wa kuoshea, wakawazunguka.

"Unapiga magoti kutwa mara ngapi?" Nuhaila akauliza.

"Tangu kabla hujazaliwa."

"Basi ndiyo hiyo. Hapa, kati ya ngozi na pia ya goti, pana kifuko kidogo. Kazi yake ni kuifanya ngozi iteleze juu ya mfupa. Wewe umekiponda miaka thelathini, kimechoka, kimekasirika, kimejaza maji. Gegedu lako sijui likoje, ila si lenyewe linalokuliza leo."

"Kifuko!" Yamna alisema taratibu, kama mtu aliyetajiwa jina la mwanawe aliyepotea.

"Usipige magoti kabisa. Kaa kwenye kigoda kifupi. Ukishindwa, weka sponji nene chini. Barafu iliyofungwa kitambaani, mara tatu kwa siku. Lifunge bandeji, usikaze sana. Nakupa wiki tatu." Kisha akaongeza, maana alikuwa mtu wa kazi yake hata akiwa na povu: "Lingekuuma ukishuka ngazi, ningekwambia habari nyingine, kwamba pia ya goti haipiti vizuri kwenye njia yake. Lingekuuma hapa chini, ningesema kano. Na likiwa jekundu, likachemka, ukashikwa na homa, hapo hakuna kuulizana, ni hospitali siku ileile. Magoti yanafanana kwa nje tu, shangazi."

Lakini hayo ya mwisho Yamna aliyasikia kwa sikio moja, kwa sababu mama mmoja mwenye matiti mapana alikuwa amekwisha kunyanyua mguu wake na kuuweka mapajani mwa Nuhaila. "Na langu je, bibi harusi?" Nyuma yake wa pili, na wa tatu. Nuhaila akapaza sauti kwamba yeye anaolewa Jumamosi, na kama hapatikani mtu wa kumaliza mgongo wake ataolewa na nusu ya nongo. Yamna akamaliza ule mgongo kwa upendo mkubwa mno, ukatoka mwekundu kama komamanga. Nuhaila alipokuwa anavaa akamwachia namba ya simu.

Yamna alikata godoro la zamani la Abdeslam, pembe moja, akapata sponji yake. Akanunua kigoda. Akaweka barafu. Wiki ya tatu haijaisha, lile yai likanywea, goti likarudi kuwa goti.

Na hapo ndipo matatizo yalipoanza, maana Yamna sasa alikuwa daktari.

Hakuna mwanamke aliyechechemea mbele yake akasalimika. "Kifuko," alikuwa akisema, kabla mtu hajamaliza kuvua viatu. Msichana anayecheza mpira wa wavu, anaumia chini ya pia akiruka: kifuko. Bibi kizee ambaye goti linalia kama mlango usiotiwa mafuta: kifuko. Mama mmoja alikuja na maumivu ya kiwiko, Yamna akafikiri kidogo, akasema kifuko nacho kina safari zake. Alikuwa akikaa kwenye kigoda kama kadhi, glavu mkononi, wateja wamelala kama kesi.

Lalla Batul, mwenye hamamu, naye akaleta goti lake. Lalla Batul alikuwa mwanamke mzito mwenye bangili saba, anayeketi kwenye benchi la mlangoni na tiketi zake tangu asubuhi hadi kufunga, na kuishi juu ya hamamu, ngazi ishirini na mbili.

"Likinishika ni wakati wa kushuka, Yamna. Kupanda, afadhali. Kushuka, naomba Mungu. Na nikikaa sana hapa benchini, nikisimama, ni kama mtu kanitia msumari nyuma ya pia."

"Kifuko."

"Lakini mimi sipigi magoti."

"Kwenye sala je?"

"Naswali kwenye kiti mwaka wa tisa huu."

Yamna akakuna kidevu. "Basi ni kifuko cha kurithi."

Akamwagiza asiukunjue wala kuutumia ule mguu wiki tatu. Lalla Batul, ambaye maishani mwake hajawahi kupewa dawa inayomfaa kiasi hicho, akatii. Alikaa. Aliletewa chai, akaletewa maandazi, akaletewa hata tiketi zilizodondoka. Wiki ya tatu alipojaribu kusimama alipiga ukelele uliowatoa wanawake chumba cha moto wakidhani kuna mwanaume kaingia.

"Nimekaa kama ulivyosema!" alifoka. "Limezidi!"

"Hukukaa kwa imani," Yamna akamjibu.

Siku chache baadaye Itto alipiga goti juu ya kigae kilichomeguka karibu na bomba la maji ya moto, mahali palepale pa ugomvi wao, akapata mchubuko mdogo juu ya pia ya goti la kushoto. Hakuujali. Siku ya pili goti likavimba. Hakumwambia Yamna, afadhali amwambie paka. Lakini Yamna sasa alikuwa na jicho la magoti. Alimwona akipita na ndoo, akacheka kwa raha ambayo hakuwa ameipata tangu harusi ya mwanawe.

"Njoo hapa, uzee. Kaa."

"Niache."

"Kaa nikuone, nami nitakusamehe wale wateja wawili wa dawa ya kuchua."

Itto akakaa. Goti lilikuwa na uvimbe juu ya pia, sawasawa na wa Yamna, duara lilelile. Ndani ya chumba cha moto kila ngozi ni nyekundu, kila ngozi inachemka, Yamna hakuona cha zaidi.

"Kifuko," alisema. "Na safari hii hata Nuhaila angeniunga mkono. Chukua sponji yangu, nakupa. Bandeji hii hapa. Barafu, na siku kumi utanishukuru."

"Mbona nasikia baridi?" Itto akauliza. Alikuwa amejikunyata, meno yanagongana, katikati ya ule mvuke.

"Na wewe umeshaanza ya Abdeslam?"

Siku iliyofuata Itto hakuja kazini. Yamna akawasugua wateja wa Itto wote sita, akiwaeleza kwamba mwenzake amepumzishwa kwa amri ya daktari, yaani yeye. Siku ya pili hakuja tena. Mchana, hamamu imetulia, Yamna akajikuta haoni utamu wa mahali pa karibu na bomba. Hapana wa kumtukana. Akajifunga jilbabu, akanunua chapati za mafuta nne kwa mama wa pembeni, akaenda kwa Itto, moyoni akijidanganya kwamba anakwenda kumcheka.

Itto alipanga chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji, ghorofa ya chini, nyuma ya duka la makopo. Hana mume, alimwacha milimani na mbuzi wake. Mlango haukufungwa. Yamna akamkuta kwenye mkeka, blanketi la sufu hadi kidevuni, mwezi wa nane huo, nje lami inalainika.

"Umekuja kunikagua, daktari," Itto akasema kwa sauti nyembamba. "Kifuko chako kimekuja na jiko lake."

Yamna akafunua blanketi, akaweka kiganja juu ya goti. Mkono ule ulikuwa umepima maji ya ndoo kwa miaka thelathini na miwili bila kipimo, unajua ya mtoto mchanga, unajua ya mwanamke aliyetoka uzazini, unajua ya kukwangulia mafuta sakafuni. Mkono ukaruka wenyewe. Goti liling'aa, jekundu, ngozi imevutika kama ya ngoma, na ule wekundu ulikuwa umeanza kutambaa kwenda pajani. Pale kwenye mchubuko palikuwa na jicho dogo la njano.

Hili halikuwa goti lake. Lake halijawahi kuchemka hata siku moja.

Akapiga ile namba aliyoachiwa. Nuhaila alikuwa ukweni, nyuma kulisikika vyombo na mama mkwe anayetoa hotuba.

"Mwanangu, ni mimi, Yamna wa hamamu. Goti la Itto."

"Jekundu?"

"Jekundu."

"Moto? Na homa?"

"Anatetemeka kama mashine ya kufulia."

"Tangu lini?"

"Siku tatu. Nilimwambia aweke…"

"Mpeleke hospitali. Sasa hivi, shangazi. Usimpe kitu, usilikande, usinisimulie. Nenda."

Teksi haziingii kwenye ule uchochoro, na Itto hakuweza kukanyaga. Yamna akakimbia, kilo tisini na nguo, hadi tanuri la hamamu, akamkuta Buazza mchochea moto amelala juu ya magunia ya vumbi la mbao. Akamwamsha kwa teke.

"Toa guta lako."

"Lina kuni."

"Mwaga!"

Wakampakia Itto juu ya vumbi la mbao lililobaki, kwenye guta la pikipiki, amefungwa blanketi lake. Yamna akapanda nyuma, kampakata. Buazza akawasha. Wakapita sokoni wakipiga honi, vumbi la mbao linapeperuka nyuma yao, na watu wakaanza kusimama na kuinua mikono kumwombea marehemu.

"Hajafa!" Yamna akawapigia kelele. "Shusheni mikono, pisheni njia! Hajafa, mnamchuria!"

"Waache waombe," Itto akanong'ona. "Kwa dereva huyu."

Hospitalini wakapokewa na daktari wa kike, kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Yeye aliinama. Alilitazama goti kabla ya karatasi. Akalikunja taratibu, kidogo tu, akamwuliza Itto kama maumivu yako ndani kabisa ya kiungo au juu, kwenye ngozi. Akachora kwa kalamu mpaka wa ule wekundu pajani.

"Limeanza siku tatu," alisema. "Kwa nini mmechelewa? Nani kawaambia mkae nalo?"

Yamna angeweza kumtaja mtu yeyote. Duka la dawa lilikuwepo, mzee wa mifupa alikuwepo, Abdeslam ndiye angefaa kuliko wote. Buazza alikuwa palepale, angeshtakiwa bila hata kujua.

"Mimi," akasema.

"Wewe ni nani?"

"Msuguaji wa hamamu."

Daktari akamtazama kidogo. Pengine alikuwa na maneno makali tayari, lakini alikuwa amechoka, na yule mbele yake alikuwa analia bila sauti, vumbi la mbao limemganda usoni kama unga. "Mshike mkono," alisema tu. "Sindano hii itamuuma."

Itto akaushika mkono wa Yamna, na sindano ilipozama kwenye uvimbe akaubana kwa ile mikono yake ya kamba za kisimani. Aliubana kwa sindano na akaubana kwa miaka kumi na mmoja. Kwenye bomba la sindano hayakupanda maji. Ulipanda usaha, mzito, wa rangi ya mchuzi wa dengu.

"Ni kifuko cha mbele ya pia," daktari akasema, akiinua bomba kwenye mwanga. "Vijidudu vimeingilia kwenye mchubuko. Nadhani kwenye kiungo chenyewe havijafika, tutahakikisha. Vingefika, tungekuwa tunazungumza habari za kumpasua, na huenda za kuupoteza mguu. Analazwa. Dripu, antibayotiki, siku tano kwanza."

Yamna alikaa naye siku zote tano, akilala kwenye kiti, jambo ambalo Abdeslam alilisikia mkahawani na kulipinga, akisema mahospitali yana baridi.

Siku ya tatu homa ilishuka, wekundu ukarudi nyuma ya mpaka wa kalamu, na Itto akapata nguvu za kuanza.

"Uliniambia kifuko."

"Kilikuwa kifuko."

"Ulipatia jina, ukakosea ugonjwa. Kidogo unizike na jina sahihi."

"Najua."

"Sema tena, sijasikia vizuri. Homa imenipata masikioni."

"Najua, Itto! Nimekosa. Niliona uvimbe nikaona wangu. Nisamehe."

Itto akageukia ukutani. "Wateja wangu sita," sauti ikatoka ukutani. "Uliwasugua?"

"Niliwasugua."

"Vizuri?"

"Vizuri."

"Mwizi," Itto akasema, akavuta shuka.

Waliporudi mtaani Yamna alimfuata Lalla Batul benchini, akamwomba radhi kwa kumwekea kifuko asichokuwa nacho, akamsindikiza mwenyewe hadi kliniki anakofanya kazi Nuhaila. Huko ikaonekana kwamba Lalla Batul hana uvimbe wowote. Misuli ya mapaja na ya nyonga ndiyo iliyolegea kwa kukaa, pia ya goti ikawa haipiti vizuri kwenye njia yake kila anaposhuka ngazi, na dawa ya wiki tatu za kukaa ilikuwa sawa na kumzimia mtu moto kwa mafuta ya taa. Akapewa mazoezi. Tangu hapo ukiingia kukata tiketi unamkuta Lalla Batul anainua mguu mmoja umenyooka mbele yake, bangili zinalia, anahesabu hadi kumi kwa hasira, na chenji yako utaipata akishafika kumi.

Wanawake hawakuacha kumletea Yamna magoti. Hilo halikuwezekana tena. Ila sasa aliwauliza maswali, yaleyale ya Nuhaila: kwa kidole kimoja ni wapi, ukishuka ngazi je, ukipiga magoti je, ulianguka, lina joto kuliko mwenzake? Alikuwa akiyapima magoti yote mawili kwa mgongo wa mkono, tena nje kwenye chumba cha baridi, si ndani ya mvuke. Kisha anasema, "Siijui hiyo. Nenda kwa anayeijua." Wengi walikasirika. Mama wa kiwiko alisema Yamna siku hizi kaishiwa elimu.

Itto alirudi kazini baada ya mwezi na nusu. Kupiga magoti bado hakuruhusiwa, na kuinama juu ya mteja kutoka kwenye kigoda alikuwa hajazoea. Siku ya kwanza akaja mke wa mchinjaji, mwanamke wa eneo kubwa, akataka kusuguliwa na Itto na si mwingine. Itto akajaribu, akafika mabegani, akashindwa kwenda chini. Yamna akavuta kigoda chake, akakaa upande wa pili bila kuombwa, akavaa glavu.

"Chukua juu," alisema. "Mimi nachukua kutoka kiunoni."

"Huyu mteja wangu."

"Sijamchukua. Namshikia."

"Usimsugue huko kama unafua zulia. Ngozi yake laini."

"Wewe ngozi laini umeiona wapi, huko kwa mbuzi?"

"Huku kwako umeruka pahala. Hapo, chini ya mbavu. Nongo inakutazama."

"Sijaruka. Sijafika."

"Jamani," mke wa mchinjaji alisema, shavu kwenye marumaru, "mimi nipo."

"Nyamaza, bibi, geuka," wakamjibu wote wawili kwa pamoja, na Yamna akanyoosha mkono nyuma kufungua bomba la maji ya moto.